Spiriti peke yake haitoshi: mwongozo kamili wa kusafisha vifaa vya saluni, kuanzia mashine ya kunyolea mpaka beseni la pedikyua

Kaa nusu saa kwenye saluni yoyote ya kiume hapa Dar utaona kitu kilekile, kinyozi anamaliza kichwa, anapuliza mashine kwa mdomo, anapiga brashi mara mbili, anapulizia spiriti fyuu fyuu alafu anaita anayefuata. Mteja akisikia ile harufu anaridhika kabisa. Kiukweli hapo hamna kilichofanyika, spiriti imepita juu ya vinywele, mafuta na mba, ikakauka ndani ya sekunde chache na uchafu uliokuwa chini bado upo palepale. Kwa kina dada nako unakuta chanuo moja inazunguka vichwa vinane toka asubuhi, faili la kucha limeshakuwa jeusi na beseni la miguu linasuuzwa tu na maji ya bomba.

Na wengi wanaofanya hivyo sio wachafu jamani, ni kwamba wana mashine moja na wateja watano wako kwenye benchi wanaangalia saa. Kwahiyo kabla hujawaza dawa gani ununue waza kwanza idadi ya vifaa. Dawa yoyote ya maana inataka kama dakika 10, na huwezi kuzipata hizo dakika 10 kama kifaa ni kimoja. Seti tatu ndo mwanzo mzuri: moja inatumika, moja imelowekwa, moja ni safi inasubiri.

Unapambana na nini hasa

Cha kwanza na cha kila siku ni fangasi, yani mapunye na mashilingi. Mbegu zake zinakaa kwenye chanuo na kwenye meno ya mashine kwa miezi, na spiriti haiziwezi vizuri. Ndo maana mtaa mmoja watoto wote wanakuwa na mapunye kipindi shule zinafungua, wamenyolewa sehemu moja wiki moja.

Cha pili ni bakteria, hawa wanaleta majipu, vidole kuvimba pembeni ya kucha na kutunga usaha, na vipele vya kisogoni vikiingiliwa vinakuwa vidonda.

Cha tatu ni virusi vya kwenye damu. Watu wakisikia wembe wanawaza ukimwi peke yake, lakini kwa saluni wa kuogopwa zaidi ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado vikaambukiza, na damu yenyewe sio lazima uione kwa macho. Tanzania watoto walianza kuchanjwa homa ya ini B mwaka 2002, so ukiwa umezaliwa kabla ya hapo kuna uwezekano mkubwa hujachanjwa. Kapime, kama huna kachanje, chanjo ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kinyozi na mtu wa kucha ni kati ya watu wa kwanza wanaotakiwa kuwa nayo.

Na usidhani pedikyua haina shida kwa vile hamna wembe. Mwaka 2000 huko Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni yaliyokaa miezi, na chanzo kilikuwa bakteria waliojificha nyuma ya kichujio cha beseni la kusukuma maji, kule nyuma kumejaa nywele na magamba ya ngozi ambayo hakuna aliyewahi kuyatoa. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kuja ndo waliumia zaidi.

Gawanya vifaa vyako kabla ya kitu kingine chochote

Mwaga kila kitu mezani uvitenge. Vya kutupa: wembe, glavu, pamba, vijiti vya kucha vya mti, faili na bafa za karatasi, vijiti vya waksi, uzi wa nyusi, uzi na sindano ya kushonea wiving. Hivi havisafishwi, vinatumika kwa mtu mmoja basi. Faili la karatasi usije ukalipulizia spiriti ukasema limepona, ile karatasi ina vishimo na inanyonya. Kama unaona uchungu kulitupa mpe mteja aende nalo, atafurahi na atarudi nalo. Wembe nao haufiki hata bei ya soda, sasa mtu anaukata katikati atumie upande mmoja leo na mwingine kesho ili aokoe nini?

Vya kuosha na kuloweka ni vya chuma na plastiki: chanuo, mikasi, kibano, vikata kucha, vichwa vya chuma vya drili, vichana vya namba vya mashine, mabeseni, bakuli. Alafu kuna mashine za umeme ambazo huwezi kuzizamisha, na kuna nguo. Kila kundi lina njia yake.

Dawa, na hesabu ya Jiki

Dawa ya bei rahisi inayoua virusi vya damu na fangasi ni klorini, hii tunayoita Jiki. Lakini lazima uichanganye kwa hesabu, sio kwa kukadiria na kifuniko. Soma chupa imeandikwa asilimia ngapi. Nyingi ni 3.5. Kwa vifaa vilivyogusa damu au mapunye unataka asilimia 0.5, kwahiyo chukua 3.5 gawa kwa 0.5 unapata 7, toa 1 inabaki 6: kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Chupa ikiwa ya asilimia 5 inakuwa kikombe kimoja kwa vikombe tisa. Kwa beseni na meza ambazo hazina damu inatosha asilimia 0.1, yani kama vijiko viwili vya chakula vya dawa ya 3.5 kwa lita moja ya maji. Ile inayouzwa kwenye chupa za soda bila lebo achana nayo, haujui ina nguvu gani.

Sheria zake ni chache ila usizicheze. Changanya asubuhi kwa maji ya baridi, weka chombo chenye mfuniko mbali na jua, jioni mwaga, kesho unachanganya mpya. Usichanganye na dawa ya choo wala spiriti wala dawa nyingine yoyote maana inatoa gesi mbaya, kwenye kachumba ka saluni kasiko na dirisha mnaweza kuzimia. Chuma kisizidi dakika 10, kinakula kutu. Na tafadhali sana usihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa, kuna watoto wa wateja humo ndani.

Spiriti iwe ya asilimia 70. Watu wanadhani ya 95 ni kali zaidi kwahiyo ni bora, hapana, bila maji kidogo inakauka haraka na haiingii vizuri kwenye kijidudu. Kuna dawa za kuloweka za saluni kama Barbicide, ile ya bluu, hiyo ni kama mililita 60 kwa lita moja ya maji, dakika 10, unabadilisha kila siku au maji yakichafuka. Ni nzuri kwa mikasi na chanuo kwa sababu haili chuma kama klorini, tatizo ni bei na upatikanaji. Dettol ibaki ya kazi zake za ngozi na usafi wa kawaida, usiitegemee kwa chombo chenye damu.

Kuchemsha kunasaidia sana kwa vyuma: dakika 20, na unaanza kuhesabu pale maji yanapotokota, ukiongeza kifaa kingine katikati unaanza upya. Mtu wa Mbeya, Arusha au Nairobi asipunguze hata kidogo maana kule juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100.

Sasa kile kiboksi chenye taa ya bluu ambacho kila saluni ya kisasa inacho na kimeandikwa sterilaiza. Taa inaua pale inapopiga tu, upande wa chini, katikati ya meno ya chanuo na nyuma ya mkasi hamna kitu. Kitumie kama kabati la kutunzia vitu ambavyo tayari ni safi. Sterilaiza yenyewe ni otoklevu, mvuke wa presha kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 30 kutegemea vifaa vimefungwa au viko wazi, na kama unatoboa masikio, unachora tatuu au unafanya nyusi za kuchanja hiyo sio anasa, na sindano zenyewe hata ukiwa nayo ni za mtu mmoja tu. Huko New Mexico, Marekani, kuna wateja wa spa moja waliopata VVU kwenye huduma ya kuchomwa visindano usoni kwa kutumia damu, taasisi yao ya afya ya CDC ilitoa taarifa yake 2024.

Hatua kwa hatua: vifaa vya kuloweka

1. Kifaa kikitoka kwa mteja kinaingia kwenye ndoo ya vichafu, hakirudi mezani wala mfukoni. Ndoo iwe na rangi tofauti na ile ya visafi.
2. Toa nywele zote. Vaa glavu, sugua kwa brashi ya zamani ya meno na maji ya sabuni, maji ya baridi au vuguvugu, ya moto yanagandisha damu. Fungua mikasi na vikata kucha, sugua kwenye kiungo pale ndo kunakaa uchafu. Hatua hii ndo inayorukwa na ndo kubwa kuliko zote, klorini ikikutana na uchafu inaisha nguvu kwenye uchafu kabla haijafika kwa kijidudu.
3. Suuza, kung'uta maji ili yasipunguze dawa.
4. Zamisha chote kwenye dawa, sio nusu na mshikio nje. Weka alamu ya simu dakika 10.
5. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa safi, chuma kipake tone la mafuta.
6. Weka kwenye kontena lenye mfuniko. Kikikaa wazi karibu na draya kinakula vumbi na nywele upya.

Maji yakikatika, na yatakatika tu, uwe na ndoo ya koki imejaa muda wote.

Mashine ya kunyolea

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penye shida. Zima, chomoa waya. Toa kichana cha namba, hicho kinaenda kwenye ndoo kama chanuo nyingine. Inamisha mashine juu ya dastibini, piga brashi ngumu kwenye meno kutoka ndani kuja nje, pande zote mbili, na usipulize kwa mdomo, mate yako yanaenda kwenye kichwa cha mtu. Chukua pamba iliyolowa spiriti ufute meno kwa nguvu, hii ndo inakuwa sehemu ya kuosha. Angalia pamba, ikitoka nyeusi chukua nyingine mpaka itoke safi. Ndo sasa pulizia spiriti mpaka meno yalowe kabisa na yabaki mabichi kwa kama dakika moja, yakikauka mapema rudia. Futa, tone la mafuta, washa sekunde chache, futa mafuta yaliyozidi. Ukizoea haikuchukui muda, na wakati huo unatumia mashine ya pili.

Kila jioni fungua skrubu, toa bledi zote mbili, utashangaa kilichomo ndani. Osha kwa sabuni, suuza, kausha vizuri, paka mafuta, rudisha. Zingatia bledi ya juu isipite ya chini, ikipita inakata ngozi. Mashine ikigusa damu au mapunye haimalizwi kwa spiriti, toa bledi uoshe, loweka kwenye klorini ya 0.5 dakika 10, suuza, kausha, mafuta. Ile ya kumwagia spiriti na kuwasha moto acheni, moto unapita juu juu, unaharibu bledi, na chupa ya spiriti iko pembeni hapo hapo.

Baada ya kunyoa ndevu kuna lile jiwe la shabu linalopitishwa kwenye mashavu ya kila mtu. Yani umeweka wembe mpya alafu unampaka damu ya aliyetangulia. Saga shabu kidogo iwe unga, chovya pamba yenye maji, ukimaliza tupa. Brashi ya poda nayo hivyohivyo, tumia pamba au tishu. Kitambaa cha kumfunga mteja kisiguse shingo, weka kipande cha tishu kati.

Miguu na kucha

Kabla hajatia mguu kwenye maji muangalie. Ana kidonda, jipu, fangasi zilizochanika? Amenyoa miguu leo? Ana kisukari? Mwenye kidonda mwambie arudi kikipona. Mwenye kisukari usimpitishie wembe wa kisigino kabisa, hata kidonda kidogo kwake ni safari ndefu. Na nyama za pembeni ya ukucha zisukume tu, ukizikata umefungua mlango.

Beseni la kawaida la plastiki ni bora kuliko kiti cha laki kadhaa chenye bomba za kusukuma maji, kwa sababu lenyewe unaliona lote. Mteja akimaliza mwaga, sugua kwa sabuni mpaka magamba na mafuta yaishe, suuza, jaza maji yenye klorini ya 0.1 mpaka pale maji ya mteja yalipofika, dakika 10, mwaga, suuza, kausha. Kama una kile kiti fungua kichujio kila siku utoe nywele na uchafu nyuma yake, na wakati wa dawa washa bomba zizunguke hizo dakika 10. Wengine wanaweka mfuko wa plastiki ndani ya beseni na kuutupa kila mteja, inasaidia, ila beseni bado unaliosha.

Vumbi la akriliki kwenye vichwa vya drili toa kwa brashi na sabuni kabla ya kuloweka, na zile bendi za msasa tupa. Ukitoa kucha za bandia ukakuta ukucha umekuwa wa kijani usipake jeli juu kuficha, huo ni bakteria walionasa kwenye unyevu, acha ukucha wazi mpaka upone.

Nyusi, waksi, kope na mekapu

Uzi wa nyusi ule unaoshikwa na meno ufunge shingoni kwako badala ya mdomoni, na kila mteja uzi mpya. Waksi, kijiti kinachovya mara moja tu, kikishagusa ngozi hakirudi kwenye chungu, joto la chungu haliui vijidudu. Lipstiki na krimu kwangua kidogo kwa kijiko safi weka kwenye kibao, tumia kutoka hapo. Brashi ya maskara iwe ya kutupa. Mnakumbuka Januari 2024 macho mekundu yalivyopita Dar, sasa fikiria bibi harusi na wasimamizi wake wanapakwa na penseli moja. Mteja mwenye jicho jekundu hapakwi, hata kama sherehe ni leo.

Damu ikitoka

Itatoka tu siku moja. Simama, vaa glavu, mpe mteja pamba safi abane mwenyewe, weka plasta. Kifaa kinaingia ndoo ya vichafu, chukua kingine. Meza au kiti kilichodondokewa funika na tishu, mwagia klorini ya 0.5, subiri dakika 10, futa, tishu inaenda kwenye mfuko uliofungwa.

Ukijikata wewe kwa kifaa chenye damu ya mteja, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usimwagie Jiki kwenye kidonda. Alafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, zikiwahi ni bora zaidi, na unazimeza siku 28. Ulizia na homa ya ini hapohapo.

Mteja mwenye mapunye

Watu wanaona aibu kumkataa mteja, lakini inategemea unavyosema. Mvute mzazi pembeni, sio mbele ya benchi zima: "Mama, samahani, mtoto ana mapunye, nikimnyoa sasa hivi yatasambaa kichwa kizima na wenzake watayapata. Mpeleke hospitali kwanza wampe dawa ya kunywa, akimaliza mlete ntamnyoa vizuri." Dawa ya kunywa uitaje kabisa, maana mapunye ya kichwani hayaishi kwa kupaka mafuta peke yake, na tiba yake inachukua wiki kadhaa. Akishaondoka bila kunyolewa, osha mikono na ufute kiti alichokalia.

Nguo na kufunga siku

Taulo moja mtu mmoja, hamna mjadala. Jioni fua kwa sabuni na maji ya moto, nyuzi 60 kama una mashine, nyeupe zitie Jiki, anika juani, piga pasi. Kile kikabati cha taulo za moto toa zote kila usiku ukifute na ukiache wazi, taulo mbichi iliyolala humo na uvuguvugu asubuhi inanuka, na harufu hiyo unajua imetoka wapi.

Nyembe na sindano ziende kwenye dumu gumu lenye mfuniko, tobo dogo juu, usijaze zaidi ya robo tatu. Likifika hapo lifunge kwa selotepu, ongea na zahanati iliyo karibu wakupokelee, wao wana utaratibu wa kuchoma. Usiweke kwenye mfuko wa taka wa kawaida, yule kijana wa mkokoteni anabeba kwa mikono mitupu.

Mwisho mpe mtu mmoja jina lake kabisa kwenye karatasi ukutani, nani anachanganya klorini asubuhi na nani anamwaga jioni, asaini na saa. Kazi ikiwa ya wote kwenye saluni haifanywi na mtu.